Mshumaa haupimi oksijeni, tumia kutu

Katika somo la hewa, shule nyingi hapa Nairobi bado husimamisha mshumaa kwenye beseni la maji na kuufunika kwa gilasi. Moto unazimika, maji yanapanda, na mwanafunzi anaandika kwamba sehemu iliyojaa maji ndiyo oksijeni iliyokuwamo. Mimi ni mwalimu wa kemia, na nawasihi wenzangu tuache kulitumia jaribio hili kama kipimo.

Mshumaa huzimika oksijeni nyingi ikiwa bado imo. Maji hupandishwa zaidi na joto: mwali hutanua hewa, nyingine hutoroka kwa mapovu unapoifunika gilasi, kisha iliyobaki hupoa na kusinyaa. Tena oksijeni inayoungua hugeuka kaboni dioksaidi na mvuke, na kaboni dioksaidi haiyeyuki majini kwa haraka hivyo. Darasa likitia shaka, funika mishumaa mitatu kwa gilasi ileile. Maji yatapanda zaidi, ilhali hewa haikuongezeka.

Kutu ndiyo kipimo cha kuaminika. Chuma kilicholowa huchukua oksijeni polepole na kuifunga ndani ya kutu, bila moto na bila kutoa gesi nyingine. Lowesha ndani ya silinda ya kupimia, nyunyiza unga wa chuma ushike kwenye kuta, kisha isimamishe kichwa chini ndani ya beseni la maji. Weka alama mahali maji yalipofika. Shule isiyo na silinda itumie chupa ndefu yenye kuta zilizonyooka, na rula. Kwa kuwa oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa, safu ya hewa ya milimita 150 inapaswa kupungua kwa takriban milimita 31.

Unga wenyewe hupatikana kwa mafundi wa jua kali, lakini chagua. Omba ule unaodondoka chini ya msumeno au tupa, si vumbi la mashine ya kusaga chuma, kwa kuwa cheche zile huwa zimeshaungua hewani. Mabati nayo yamepakwa zinki, hayafai. Uoshe kwa sabuni uondoke mafuta, la sivyo maji hayatagusa chuma.

Halafu subirini. Siku moja mara nyingi haitoshi, na hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa mapema. Acheni mpaka alama isisogee tena. Kabla ya kusoma, inua au shusha silinda mpaka maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja, ili kanieneo ya ndani ilingane na ya nje. Someni saa ileile ya mwanzo pia, maana nyuzi 3 za selsiasi zinatosha kubadili ujazo wa hewa kwa asilimia 1, na asubuhi ya Julai Nairobi si sawa na mchana wake.

Swali moja halikosekani, nami hulipenda sana: "Mwalimu, mbona wanariadha huenda Iten kwa sababu oksijeni ni kidogo? Sisi huku juu tusipate chini ya 21?" Mpe nafasi anayeuliza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni kama nne kwa tano ya ile ya Mombasa. Kila pumzi ina oksijeni pungufu, lakini naitrojeni nayo imepungua kwa kiwango kilekile. Jaribio letu hupima uwiano, na uwiano ni takriban asilimia 21 Mombasa, Nairobi na Iten.

Mwishoni ziba mdomo wa silinda kwa kipande cha kioo ukiwa bado majini, igeuze, kisha ingiza kijiti kinachowaka. Kitazimika papo hapo, kwa kuwa iliyobaki karibu yote ni naitrojeni, pamoja na agoni kidogo.