Nyumbani Sawa, Lakini kwa Mkono wa Nani?

Swali la wiki hii limeuliza: thepla, paratha za viungo na chapati nyingine za namna hiyo, ni bora kuzipika nyumbani au kununua zilizo tayari? Jibu nilikuwa nalo kabla sijafika kwenye alama ya kuuliza. Nyumbani. Kisha nikaketi kuandika, na neno hilo hilo likanikwama. Mama yangu alipika thepla kwa miaka 19 jikoni mwa watu wengine kabla hajaanza kuzipikia nyumbani kwake.

Alifanya kazi katika nyumba ya familia moja ya Kigujarati pale Ganjoni, ghorofa ya tatu. Aliyekulia Mombasa haoni jambo geni hapa. Ziko nyumba nyingi mjini zilizosifika kwa chapati zao, na aliyekuwa akisimama mbele ya tawa ni mwanamke aliyevuka feri alfajiri kutoka Likoni, akarudi jua limezama. Sifa ilibaki juu ghorofani. Kwa hiyo mtu akiniambia "thepla ya nyumbani haina mfano", mimi nauliza kwanza aliyeisukuma ni nani.

Kwa ambaye hajawahi kuila: thepla ni chapati nyembamba ya Wagujarati, ya manjano, yenye majani ya uwatu ndani yake. Wao majani hayo huyaita methi. Sisi wa pwani tunaujua zaidi uwatu wa mbegu, ule wa mama aliyejifungua. Majani yake ni machungu, na uchungu huo ndio ladha yenyewe. Ukiyakamua kwa chumvi mpaka uishe, umebaki na chapati ya kijani tu. Unga ni wa atta, ngano isiyokobolewa, ukichanganywa na unga wa dengu kidogo, ule wa bajia. Mama alitumia vikombe viwili vya atta kwa nusu kikombe cha dengu na kikombe kizima cha majani yaliyokatwakatwa. Humo hutiwa manjano, pilipili ya unga, bizari nyembamba, ufuta, tangawizi iliyotwangwa pamoja na pilipili mbichi, kipande kidogo cha sukari guru, na ajmo, zile mbegu ndogo ambazo ukizisugua kiganjani harufu yake hupanda mpaka puani. Mafuta vijiko viwili. Halafu mtindi. Maji huja mwisho kabisa, kwa matone, ikiwa yatahitajika. Wengi hukosea hapo. Majani yana maji yake, chumvi huyatoa, na aliyemimina maji mapema atajikuta na uji, aongeze unga, viungo vipotee. Mtindi na mafuta ndivyo vinavyoifanya thepla ikae laini siku mbili tatu bila friji, ndiyo maana Mgujarati hasafiri bila fungu lake ndani ya mkoba.

Sasa nieleze siku moja, kwa sababu jibu langu lote limetoka huko.

Nilikuwa na miaka kumi, likizo ya Agosti, na hapakuwa na wa kuniachia, basi mama akanichukua kazini. Ilikuwa kesho yake ni Shitala Satam. Siku hiyo katika nyumba za Wagujarati wa Kihindu jiko haliwashwi. Shitala ni mungu wao wa kike ambaye tangu zamani aliombwa awakinge watoto na ndui, na kwa heshima yake familia hula chakula baridi kilichopikwa jana yake. Hiyo jana yake ina jina, Randhan Chhath, siku ya kupika. Yaani kila kitakacholiwa kesho kipikwe leo, na usiku jiko lisafishwe na liachwe lipoe.

Bibi wa nyumba aliitwa Ba. Ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama au nyanya, na mama yangu naye alimwita hivyo hivyo. Ba alikanda unga mwenyewe asubuhi, sufuria kubwa, akiketi sakafuni. Hakupima kitu. Alichota manjano kwa vidole, akanusa, akachota tena. Mama hakuruhusiwa kuonja, na Ba mwenyewe hakuonja, maana chakula kile kilikuwa kitolewe kwanza mbele ya Shitala. Chumvi waliijua kwa jicho na kwa harufu ya unga. Mimi nilipewa kazi ya kufanya madonge, kila donge kama ndimu, na nilirudishiwa mengi.

Ba alisukuma juu ya kibao chake cha mviringo chenye miguu mifupi, kwa kijiti chembamba katikati na chembamba zaidi nchani. Chapati ilizunguka yenyewe chini ya kijiti, hakuigusa kuigeuza. Mama alisimama kwenye tawa: anaweka, anasubiri vitone vitokee, anageuza, kijiko cha mafuta pembeni, anageuza, anakandamiza kwa kitambaa kilichokunjwa mpaka madoa ya kahawia yatoke, anatoa. Hawakusemezana. Moto ulikuwa wa wastani siku nzima, kwa sababu moto mkali huchoma manjano na dengu kabla ndani hapajaiva, na moto mdogo hukausha thepla ikawa kama papadi.

Alasiri kifundo cha mkono wa Ba kiligoma. Nilikiona kimevimba. Alijaribu donge moja, la pili likatoka kama ramani, akaweka kijiti chini. Kisha akajisogeza, akapigapiga sakafu pale alipokuwa ameketi. Mama akakaa. Ba akasimama kwenye tawa, mkono wa kushoto ndio ukigeuza. Kuanzia hapo mama alisukuma thepla zote. Nilihesabu mimi, kwa kuwa Ba aliniagiza nihesabu: zilifika 140, na zilizosukumwa na mama zilipita 90. Niliziweka kumi kumi ndani ya kitambaa, na sikuweza kusema ipi ni ya nani.

Kesho yake tulirudi, mama ana nguo za kufua. Wageni walikuja. Wakala thepla baridi na mtindi na chundo, ile achari tamu ya embe lililokunwa. Mgeni mmoja mwanamke akaishika thepla juu, karibu uone dirisha upande wa pili, akasema kwa Kigujarati maneno ambayo mama, aliyekuwa akiifahamu lugha ile vizuri, alinitafsiria jioni: "Mkono wa Ba haujazeeka." Ba hakujibu neno.

Ndani ya feri nilimuuliza mama mbona hakusema. Mama alikuwa ameegemea chuma, anatazama maji. Akaniambia, "Unga alikanda yeye. Mimi nilisukuma." Basi. Nilimkasirikia kwa jibu lile miaka mingi sana, na nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa bado nimemkasirikia. Nilikusudia kuandika kwamba aliporwa.

Lakini nimeandika hapo juu namna unga ule ulivyokandwa, na nikiwa mtu mzima ninayekanda mwenyewe najua kwamba unga uliokosewa hakuna mkono wa kuuokoa. Mama alikuwa anasema kweli. Mgeni aliona wembamba, ambao ulikuwa wa mama. Alichotia mdomoni kilikuwa cha Ba. Hilo haliondoi kosa la Ba kunyamaza. Alipaswa kusema, na jikoni palikuwa hatua sita kutoka pale. Naliandika hilo bila kulilainisha. Ila siwezi tena kusema kwamba thepla zile zilikuwa za mama peke yake.

Mama alipoacha kazi alianza kupika za kuuza, chumbani kwetu Likoni. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hata Ba hakulijua. Uwatu wa majani hupatikana sokoni Marikiti, lakini bei yake si ya kila siku. Mama ni Mgiriama. Akachuma mtsunga, mboga yetu chungu inayoota yenyewe mashambani mvua ikinyesha, akauchemsha mara moja tu, akaukamua, akaukata, akautia kwenye unga mahali pa uwatu. Harufu si ile ya uwatu, lakini uchungu unakaa pale pale, nyuma ya ulimi. Wateja wake wa kwanza walikuwa majirani. Baadaye wakaanza kuagiza wanawake wa Kigujarati kutoka kisiwani, za uwatu, na mmoja wao huagiza za mtsunga mpaka leo.

Nirudi kwenye swali. Nilianza na "nyumbani", na sasa nasema nunua. Nunua kwa mwanamke anayezipika kwake, umjue jina, umlipe bei anayotaja. Za friza, zilizofungwa kwa plastiki, kwangu haziingii. Nimezijaribu mara tatu na zote zilikuwa na mafuta mengi na uwatu wa kuhesabu. Hata hivyo simlaumu anayezinunua akiwa na watoto wanne na kazi ya usiku. Na kama una mkono na nafasi, pika mwenyewe japo mara moja, donge 20, ili siku nyingine ukiambiwa bei usishangae. Ukiwa na mtu anayekupikia nyumbani kwako, hiyo ni habari nyingine: wageni wakisifu, mwite atoke jikoni asikie.

Siku hizi anayesukuma ni dada yangu, mama huketi kando akikanda. Oda yangu ni ya Ijumaa, 20: kumi za uwatu, na mvua ikiwa imenyesha, kumi za mtsunga.