Kung'oa gego kwa ganzi au nusukaputi ukiwa umefunga

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Gego langu la mwisho limelala ubavu ndani ya ufizi na daktari anataka kunipasua wiki hii, nami nimefunga Ramadhani. Kasema nichague sindano ya ganzi au nusukaputi ya kunilaza usingizi. Babu ananiambia nivumilie bila dawa, kwani Urwa bin Zubeir, mwanazuoni wa kale wa Madina, alikatwa mguu akakataa kunywa cha kumwondolea akili. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole, binti yangu, Allah akuponye.

Subira ya Urwa ni daraja yake kwa Mola wake, wala haikuwa sharia kwa wengine. Imam Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu ya Shafii, alimzungumzia mtu anayetakiwa kukatwa mkono uliooza: kauli sahihi zaidi ni kuwa anaruhusiwa kutumia cha kumwondolea akili. Mwambie babu kwa adabu kwamba ruhusa hii ni ya wanazuoni wa kale, haikuletwa na hospitali.

Kuhusu funga, ganzi huchomwa kwenye ufizi. Si chakula wala kinywaji. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha 10 huko Jeddah mwaka 1997, lilikata kuwa kung'oa jino hakufunguzi maadamu mtu hakumeza kitu, na gesi ya kulaza mgonjwa vilevile, isipokuwa akipewa maji ya lishe. Kwa hiyo ukilazwa, uliza dripu ina nini. Ikiwa na glukosi, siku hiyo utailipa.

Ninachokihofia zaidi ni damu. Mdomo ukiwa na ganzi hauhisi vizuri kinachoteremka kooni. Inama, tema, ukijue kila kinachokusanyika. Ukimeza damu kwa kusudi umefungua.

Nusukaputi hutengua udhu. Funga inabaki ukiwa macho hata kitambo kidogo cha mchana, na swala zitakazokupita zilipe ukizinduka.

Daktari akisema ganzi inatosha, ichukue hiyo, na umwombe akupangie baada ya futari. Lakini pakiwa na usaha au uvimbe, usingojee Idi. Maumivu yakikuzidi baadaye ukahitaji vidonge mchana, meza, ulipe baada ya Ramadhani. Allah anasema: "Mwenyezi Mungu anakutakieni yaliyo mepesi, wala hakutakieni yaliyo mazito" (Al-Baqara 185), na aya hiyo imeteremka katika mlango huuhuu wa funga na mgonjwa.

Wallahu aalam.