Jibu la fundi aliye ndani: viwanda vya magari Ulaya

Ndugu, umeuliza kama viwanda vya magari vya Ulaya vimeshazidiwa na Wachina, na kama mdogo wako bado ana sababu ya kwenda Ujerumani kusomea ufundi. Nina miaka tisa kwenye kiwanda cha vipuri karibu na Stuttgart, tunachonga gia. Nakujibu kwa ninayoyaona.

Waliokujibu kabla yangu wametaja madini ya betri na mota ambayo China imeyashika, na ni kweli. Kobalti nyingi ya dunia inachimbwa Kongo, Kolwezi na jirani zake, lakini inasafishwa China. Mwaka 2025 China ilipobana madini adimu ya kutengenezea sumaku za mota, kuna viwanda vya vipuri huku vilisimama. Northvolt ya Sweden, iliyotegemewa sana kwa betri, ikafilisika Machi mwaka huohuo.

Ila kinachoniuma mimi ni watu. Kwenye mashine ya kusaga meno ya gia tulikuwa na mzee mmoja. Alikuwa akipita na kikombe chake cha kahawa, anasimama, anatega sikio, anasema, "Jiwe limechoka," yaani jiwe la kusagia. Kipimo bado hakijaonyesha kitu! Tukilitoa, kweli limekwisha. Siku anastaafu alikatiwa keki. Hakuna kijana aliyepangiwa hata mwezi mmoja wa kukaa naye. Baada ya hapo pipa la gia mbovu likawa linajaa kabla zamu haijaisha.

Desemba 2024 Volkswagen na chama cha wafanyakazi walikubaliana kupunguza nafasi zaidi ya 35,000 Ujerumani ifikapo 2030, bila kumfukuza mtu kwa nguvu. Wengi wataondoka kwa kustaafu mapema. Ni afadhali kuliko kufunga geti. Lakini wanaotangulia kutoka ndio wenye masikio kama ya yule mzee, na gari la umeme nalo lina gia. Huwezi kumshinda Mchina kwa bei huku unamwaga chuma kwenye pipa.

Mimi mwenyewe nimerudi darasani nikiwa na miaka 41, kujifunza kushika betri za volti 400 na 800. Ni kazi ngumu kwa Kijerumani, lakini sijutii hata kidogo.

Kwa hiyo mdogo wako aje. Aanze na lugha, achague mekatroniki (ufundi wa mitambo na umeme kwa pamoja), na kabla hajasaini mkataba wa Ausbildung (mafunzo ya ufundi ya Kijerumani, darasani na kazini) aulize kiwanda kinatengeneza nini. Wakimwambia ni ekzosi tu, ambayo gari la umeme halina, atafute kwingine.