Jibu: Robben alistaafu mara ngapi?

Mkuu, umeuliza Arjen Robben, yule winga Mholanzi, alistaafu mara ngapi, na kwa nini mabeki walishindwa kumkaba wakati kila mtu alijua atakata ndani, yaani atatoka pembeni kulia aingie katikati apige kwa kushoto.

Alistaafu mara mbili. Kwanza 2019, baada ya miaka kumi Bayern na mataji manane ya Bundesliga. Mwaka 2020 akarudi Groningen, klabu iliyomlea, akaumia mechi ya kwanza tu ya ligi. Julai 2021 akatundika daluga moja kwa moja.

Hilo la kukata ndani, tazama miguu yake. Mpira ulikuwa umeganda kwenye mguu wa kushoto, anaugusa kila hatua, kwa hiyo beki hakujua atakata sekunde gani. Ukiwahi, anapita nje. Ukichelewa, keshapiga.

Ila mimi bao lake ninalolipenda kuliko yote halikuwa la hivyo. Fainali ya Ulaya 2013, Wembley, dakika ya 89: Ribéry anagusa kwa kisigino, Robben anapenya katikati ya mabeki wa Dortmund, anausukuma taratibu kumpita kipa wao, Weidenfeller. Mwaka mmoja kabla, kipa wa Chelsea, Čech, alikuwa amemdakia penalti kwenye fainali. Nilifurahi kama ndugu yangu ndiye aliyefunga.