Bodi yako haijafa, kagua waya kwanza

Jana usiku nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa mwaka wa pili chuoni, yuko Mbeya. Kaandika: "Shikamoo kaka. ESP32 yangu imekufa siku ya tatu tu. Taa inawaka ila kompyuta haiioni. Hela niliyonunulia ilikuwa ya kula. Niachane nayo?" ESP32 ni bodi ndogo ya kielektroniki yenye Wi-Fi, unaiandikia programu kwenye kompyuta kisha unaituma kwa waya wa USB.

Marahaba mdogo wangu. Usiachane nayo. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, nikajiona mimi mwenyewe mwaka 2019 kwenye chumba cha kupanga Mbagala, bodi kama yako mezani, taa nyekundu inawaka, na mimi nimeshakata tamaa.

Nilihangaika siku 11. Programu ya Arduino, ile ya kuandikia na kutuma kodi kwenye bodi, niliifuta na kuiweka upya mara nne. Nikapiga Windows upya, zikapotea picha za msiba wa bibi yangu. Kwenye orodha ya poti, yaani milango ambayo kompyuta huongea na vifaa kupitia kwayo, ilikuwepo COM1 peke yake, basi nikawa naichagua hiyohiyo. Kila nikituma kodi, yaani maagizo niliyoiandikia bodi, zinajipanga nukta, halafu maandishi mekundu. Sikujua kwamba COM1 mara nyingi ni poti ya kompyuta yenyewe, ipo hata bodi ikiwa kabatini.

Nikaipeleka kwa mwalimu aliyekuwa anausimamia mradi wangu. Akaigeuzageuza, akaitupa mezani, akasema mbele ya wenzangu kwamba nimenunua takataka, na kwamba asiyejua kununua kifaa hataweza kukiprogramu. Darasa likacheka. Kicheko kile bado nakisikia, hata sasa ninapoandika. Hakuniuliza hata nimetumia waya gani.

Aliyeniuliza ni fundi simu wa mtaani kwetu, nilipokwenda kwake kununua vocha. Akaushika waya wangu, akauminya kwa vidole, akasema, "Huu wa chaji tu." Tukaukata kwa wembe. Ndani mlikuwa na nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi, nyembamba kama za kushonea nguo. Akaokota mwingine uliovunjika kichwa, akaumenya mbele yangu: nyekundu, nyeusi, kijani, nyeupe. Nyekundu na nyeusi hupitisha umeme. Kijani na nyeupe ndizo zinazopitisha mawasiliano, na wangu haukuwa nazo. Ndiyo maana taa iliwaka muda wote huo na kompyuta isione kitu.

Kwa hiyo anza na waya. Chomoa bodi, tazama orodha ya poti, chomeka, tazama tena. Kama hakijaongezeka kitu, tafuta waya ambao umewahi kuhamishia picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta. Kikiongezeka kifaa ambacho kompyuta haikitambui, hapo shida ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukitambua kifaa. Soma maandishi kwenye chipu ndogo iliyo karibu na tundu la USB, aghalabu ni CH340 au CP2102, uweke draiva ya jina hilo. Poti ikionekana lakini kutuma kunagoma kwenye "Connecting", bonyeza kitufe cha BOOT na usikiachie mpaka uone asilimia zinaanza kuhesabu. Kitufe hicho huishusha volti ya pini namba 0 wakati bodi inaamka, ndipo inapokubali kupokea programu mpya.

Mimi baada ya hapo sikusimama. Leo simtanki la mama yangu kule Chanika linajijaza lenyewe, huu ni mwezi wa sita sasa, kwa ESP32 na rilei (swichi zinazowashwa na bodi) nilizofunga kwa mikono yangu. Mama hapandi tena ngazi kuchungulia maji. Najivunia kazi ile, na natamani mwalimu yule aione.

Nayo ilinitesa. Kila pampu ilipotaka kuwaka, bodi ilijizima na kuanza upya. Wiki nzima nilipitia kodi mstari kwa mstari, na kodi haikuwa na kosa lolote. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye skrini tangu siku ya kwanza, "Brownout detector was triggered", yaani volti imeshuka chini ya kiwango. Wi-Fi ya ESP32 huvuta mamia ya miliampia kwa mkupuo, na mimi niliilisha pamoja na rilei kupitia waya mmoja mrefu mwembamba. Nikaipa bodi chaja ya simu ya volti 5, ampia 2, kwa waya mfupi mnene. Rilei nikazipa chaja yao, nikaunganisha GND, yaani upande hasi, za pande zote mbili. Haijajizima tena.

Waya tena, mnaona? Vijana wenzangu, tuna haraka ya kulaumu kifaa, na tuna haraka zaidi ya kujilaumu. Badili kitu kimoja, jaribu, andika kwenye daftari kilichotokea, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadili waya, draiva na kodi kwa mara moja, hata ikikubali hutajua kilichoiponya, na ikigoma kesho utaanza sifuri. Soma maandishi mekundu yote mpaka mwisho, usiyaogope. Na ninyi mnaofundisha, kijana akikuletea bodi, ishike, uliza waya, uliza draiva. Ameinunua kwa hela ya chakula.

Bodi iliyokufa naijua, kwa sababu moja niliiua kweli. Niliingiza volti 12 kwenye pini ya 3V3, ambayo ni ya volti 3.3 tu. Chipu ilipata moto hadi kidole hakigusiki, na harufu ya kuungua ilikaa chumbani mpaka asubuhi.

Yako je, ni ya moto? Iguse. Halafu leo jioni azima waya kwa mwenzako, uchomeke, uniandikie poti gani imeongezeka na chipu ile ndogo imeandikwa nini. Niko macho mpaka saa sita usiku.