Benchi la Chuma

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza, kwa ajili ya tasnifu yako, kama Loyola de Palacio aliwafungulia njia wanawake wa Hispania au alibebwa tu na chama chake. Vyeo vyake unavijua kuliko mimi: mwanamke wa kwanza kuongoza Wizara ya Kilimo na Uvuvi nchini mwake, mwaka 1996, kisha Makamu wa Rais wa Tume ya Ulaya, chombo kinachopendekeza sheria za Umoja wa Ulaya, kuanzia 1999 hadi 2004, akishika uchukuzi na nishati. Mimi nina habari ya benchi.

Mwaka 2002, nikirudi Tanga kwenye arobaini ya bibi yako, ndege yetu ilifutwa usiku katika uwanja mmoja wa Ulaya. Karani alitazama saa yake, akafunga droo, akachukua mkoba wake na kuondoka, sisi tukiwa tumejipanga mbele ya dirisha lake. Nililala kwenye benchi la chuma, sanduku lenye ubani wa hitma likiwa ndio mto wangu, na hatukupewa hata maji. Hitma ilisomwa bila mimi. Mjomba wako hunikumbusha hadi leo.

Kumbe wakati huohuo pendekezo la Tume la mwaka 2001, lililotoka kwenye idara ya uchukuzi ya de Palacio, lilikuwa likibishaniwa. Lilipitishwa kuwa sheria mwaka 2004, ikaanza kutumika Februari 2005: safari ikifutwa ghafla, abiria alishwe, apewe pa kulala, na mara nyingi alipwe fidia ya euro 250 hadi 600. Mashirika ya ndege yaliipinga mahakamani, yakashindwa Januari 2006. Desemba ya mwaka huohuo saratani ikamchukua de Palacio, akiwa na miaka 56. Mwanasiasa hupimwa dirishani, si jukwaani. Nimekwambia mara ngapi?

Lakini nisijidanganye. Sheria hiyo ilipita pia mikononi mwa Bunge la Ulaya na mawaziri wa nchi wanachama, kwa hiyo si yake peke yake. Kashfa ya ruzuku za kilimo cha kitani za wakati wa uwaziri wake, iliyozuka mwaka 1999, ilimwandama hadi Brussels, na utetezi wake wa nishati ya nyuklia sikuupenda kamwe. Ni kweli pia kwamba chama ndicho kilichomweka kileleni mwa orodha yake ya uchaguzi wa Ulaya mwaka huo. Hata hivyo, wangapi wamebebwa wakafika juu na wasifanye lolote?

Jibu langu liko ulimini, ila tasnifu ni yako. Ulipokwama Madrid mwaka jana, uliniandikia kwamba umepewa chumba, chakula cha jioni na euro 250. Hukuniambia kama siku ile uliuliza sheria hiyo ilitoka kwa nani.

Mama yako