Ukitaka mdundo wa lubugo jukwaani, shika nyundo kwanza

Kuna kijana kanitumia meseji baada ya kuona shoo yetu, ndo anaanza mambo ya sanaa ya jukwaani, anauliza ule mdundo nimeutoa wapi na kama naweza kumrushia rekodi wafanyie mazoezi na kundi lake. Rekodi sina, na hata ningekuwa nayo nisingempa. Sio uchoyo. Najibu hapa maana najua mko wengi mnaotaka kufika majukwaa makubwa na kazi yenye mizizi ya kwetu.

Mdundo ule ni wa lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba wanachotengeneza Waganda wa ufalme wa Buganda kule Uganda, kazi ambayo kwa jadi iko mikononi mwa ukoo wa Ngonge chini ya mkuu wa mafundi anayeitwa Kaboggoza. UNESCO waliitambua 2005, 2008 ikaingia kwenye orodha yao ya urithi. Mi nilienda pande za Masaka, mzee mmoja fundi akanikubalia nikae naye bandani. Banda liko wazi pembeni ila lina paa, maana gome likikauka haraka limeharibika. Anabandua gome la ndani, jeraha la mti analifunga kwa majani ya mgomba ili gome liote tena, analipasha moto lilainike, halafu kugonga kunaanza juu ya gogo.

Hapo ndo penyewe. Nyundo ni za mbao, kichwani zina mifereji, anaanza na yenye mifereji mipana anamalizia na yenye myembamba. Mwanzoni gome ni nene na lina maji, sauti inatoka nzito, imezibwa, mkono unapanda juu kabisa. Linavyozidi kutanuka sauti ya gogo lenyewe inaanza kupenya, inakuwa kavu, mkono unashuka na mapigo yanakaribiana. Hakuna anayehesabu moja mbili tatu nne pale, gome ndo linaamua. Wakiwa wawili wanapokezana, huyu akipandisha yule anashusha, ukichelewa kidogo umegonga nyundo ya mwenzako, kwa hiyo masikio yote yako kwa jirani. Halafu fundi anasimama, anapitisha kiganja polepole juu ya gome kutafuta palipobaki nene, na mdundo unakatika. Ule ukimya kwenye shoo ambao wengine walidhani tumesahau stepu ndo kiganja hicho.

Mazoezi nayaruka, mnajua yalivyo. Ila kuna tamasha moja lilitukataa kabla, silitaji, mtu wao akaniambia mbele ya kundi langu kwamba hizi ni kelele za karakana, tuweke ngoma chini yake ili watu wacheze. Iliniuma na bado inaniuma. Sikuweka ngoma. Safari hii kazi ileile, bila ngoma, watu wamesimama wanapiga makofi, na najivunia hilo waziwazi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni shika nyundo. Usianze na video, usianze na kuhesabu stepu. Gonga mpaka mkono uchoke, maana mkono uliochoka unaacha madoido unatafuta njia nyepesi, na hiyo njia nyepesi ndo mdundo wenyewe. Hata mbali na kwetu ni hivyohivyo, wanawake wa visiwa vya Hebrides kule Uskoti walikuwa wanakaa kuzunguka meza wakipigiza kitambaa cha sufu kilicholoweshwa ili kikaze, mmoja anaongoza wimbo wengine wanaitikia, kitambaa kinapita mkono hadi mkono kufuata mwendo wa jua. Ukichukua wimbo ukaacha uzito wa ile sufu yenye maji umebaki na kwaya. Nyundo, jamani, nyundo.

Na tuache tabia ya kuandika “urithi” kwenye mabango wakati fundi mwenyewe hajui kazi yake iko stejini, huo ni wizi na wasanii wenzangu mnaufanya kila msimu mkiita ubunifu.

Wewe kijana, nenda wakati wa mvua, ndo magome yanabanduliwa. Muulize fundi siku yake anaithamini kiasi gani, mlipe kama mwalimu wako wa dansi bila kuomba punguzo, akikataa kurekodiwa zima simu, na kwenye tangazo la shoo jina lake litangulie la kwako.